Baraza Lililochelewa: Kifo cha Rosa na Ukerewe ya Waandishi Wawili

Mwaka 1971 East African Literature Bureau ya Nairobi ilichapisha riwaya ya kwanza ya kijana kutoka kisiwa cha Ukerewe, Euphrase Kezilahabi. Jina lake lilikuwa Rosa Mistika. Wapenzi wa mashairi wa mwambao walimfahamu zaidi mwandishi huyo miaka mitatu baadaye, ilipotoka diwani yake Kichomi na kuzuka ule mgogoro mkubwa wa mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mgogoro ule umekwisha kupoa. Lakini riwaya iliyoutangulia imeacha swali ambalo halijapoa hata leo: kwa nini Rosa alijiua?

Swali hilo limeulizwa katika madarasa ya Tanzania kwa miongo mingi, na kila zama zimelijibu kwa namna yake. Historia ya majibu hayo inafaa kusimuliwa, kwa sababu inaeleza mengi kuhusu wasomaji wenyewe. Aidha, jibu moja halikuweza kupatikana mwaka 1971, kwa kuwa kitabu kilicholibeba kilikuwa bado hakijachapishwa.

Tuanze na kisa. Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina wa Namagondo, kijiji cha Ukerewe ambako Kezilahabi mwenyewe alizaliwa mwaka 1944. Zakaria ni mlevi, na mkono wake ni mwepesi kwa mke na kwa watoto. Kijana Charles anapomwandikia Rosa barua, baba anampiga binti kipigo kisichosahaulika, kana kwamba kuandikiwa ni kosa la mwandikiwa. Tangu hapo Rosa anawaogopa wanaume. Anapelekwa Mwanza kusoma katika shule ya bweni ya wasichana, mbali na fimbo ya baba, na huko Deogratias, mwanamume aliyemzidi umri na ujanja, anamvunjia ungo wa maisha yake. Kufikia chuo cha ualimu cha Morogoro, yule msichana mwoga amegeuka mwanamke ambaye jina lake limo vinywani mwa watu. Anatembea na wanaume wengi, na anatoa mimba. Hatimaye Charles anarudi katika maisha yake. Uchumba unafungwa, na kwa muda mfupi Rosa anaonekana kama mtu aliyevuka mto. Charles anapoyajua ya nyuma, anamwacha. Rosa anajitoa uhai.

Majibu ya kwanza yalikuwa ya hasira. Riwaya ilizuiwa shuleni kwa muda kwa sababu ilieleza mambo ya kitandani kwa uwazi ambao nathari ya Kiswahili haikuwa imeuzoea. Kwa wasomaji wa kundi hilo, kifo cha Rosa kilikuwa malipo. Mwenye kwenda njia mbaya hufika mwisho mbaya, na kosa la mwandishi lilikuwa kuionyesha njia yenyewe kwa kirefu mno kabla ya kuufikia mwisho. Rosa alikuwa onyo, na onyo halihitaji kuelezewa moyo wake.

Zama zikabadilika, na kitabu kilichozuiwa kikawa kitabu teule cha sekondari. Hapo likaja jibu la pili, ambalo maelfu ya wanafunzi wameliandika katika karatasi za mtihani: Rosa aliuawa na malezi. Baba alimbana mno, naye alipofunguliwa mlango akatoka mbio bila kutazama. Jibu hili lina huruma kuliko la kwanza, na halikosi ukweli. Udhaifu wake ni kwamba hueleza jinsi Rosa alivyopotea, kisha likaishia hapo. Wasichana wangapi walilelewa kwa fimbo, wakapotea, wasijiue? Na Rosa hajiui siku anayopotea. Anajiua baadaye sana, wakati ambapo amekwisha kutaka kurudi. Malezi yanaweza kueleza Morogoro. Hayawezi peke yake kueleza siku ile ya mwisho.

Methali inayoandamana na jibu hilo ni ile ya asiyefunzwa na mamaye. Lakini hiyo nayo haimkai Rosa vizuri. Mamaye, Regina, yumo nyumbani, ana upendo na ana akili. Alichonyimwa ni sauti. Msomaji wa mwambao ataliona pengo hilo upesi. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alipomtungia binti yake utenzi wa nasaha mwaka 1858, alikuwa mama mgonjwa, lakini aliketi na mwanawe akasema mpaka akamaliza. Leo tunaweza kubishana na mengi aliyomuusia. Hatuwezi kukana kwamba mama alipata nafasi ya kusema. Aidha, binti wa pwani alikuwa na somo wake, mwanamke mzima asiye mama wala baba, ambaye angeweza kuambiwa yasiyosemeka nyumbani. Rosa hana somo. Nyumbani kuna baba mwenye fimbo, shuleni kuna kengele na kanuni, na katikati hakuna mtu.

Linganisha sasa na kifo kingine. Mwaka 1974 Kezilahabi alitoa Kichwamaji, na humo Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetoka kisiwa hichohicho, naye anajiua. Wahakiki walipomfikia Kazimoto waliwataja Camus na Sartre, wakazungumzia upweke wa binadamu na utupu wa maisha. Kwa Rosa, mara nyingi wamezungumzia tabia. Mwanamume msomi alipojiua, kifo chake kiliitwa falsafa. Mwanamke alipojiua, kifo chake kiliitwa funzo kwa wazazi na mabinti. Tofauti hiyo haikutoka kwa mwandishi. Imetoka kwa wasomaji, na inafaa kukiriwa.

Wajapani wana mfano unaofanana. Katika riwaya ya Natsume Sōseki iitwayo Kokoro, neno lenye maana ya moyo, iliyotoka mwaka 1914, kijana anayetajwa kwa herufi moja tu, K, anajiua baada ya kupata habari kwamba msichana aliyempenda amechumbiwa na rafiki yake wa karibu. Barua anayoiacha haimlaumu mtu. Sehemu za riwaya hiyo zimo katika vitabu vya shule za sekondari za Japani, na vijana wa huko huulizwa sababu ya kifo cha K kama wa kwetu wanavyoulizwa ya Rosa. Jambo la kufundisha ni kwamba ndani ya riwaya yenyewe jibu halitulii. Rafiki aliyemsaliti K anadhani kwanza kwamba K alikufa kwa kuvunjika moyo wa mapenzi. Miaka inapita, anadhani kwamba kilichomuua ni kushindwa kuyafikia maadili makali aliyojiwekea. Miaka inapita tena, naye mwenyewe akiwa katika hali ileile, anahisi kwamba K alikufa kwa upweke. Sōseki hakuacha fumbo kwa kupenda mafumbo. Alijua kwamba anayeulizia kifo cha mwingine hukisoma kwa kiasi cha umri wake na cha hatia yake.

Kwa hiyo tumsome Rosa tena, safari hii kwa jicho la kisiwa chake. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Viktoria, na kimeipa fasihi ya Kiswahili waandishi wawili wa daraja la juu. Wa kwanza ni Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, akasomeshwa na wamisionari Wakatoliki wa Kagunguli. Kitabu chake kikubwa, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, Kezilahabi akiwa mtoto mchanga. Muswada ukakaa bila mchapishaji miaka na miaka. Kitereza akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili uzeeni, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Ndiyo kusema, kitabu kilichotangulia kuandikwa kilifika mikononi mwa wasomaji miaka tisa baada ya Rosa Mistika. Wasomaji wa 1971 walimhukumu Rosa bila ya kuwa na shahidi huyo.

Kitereza anasimulia Ukerewe ya zamani, kabla ya misheni na shule. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Jamaa za mume wanamsimanga mke kwa utasa, na wazazi wa Bugonoka, kwa kuona binti yao anadharauliwa, wanamchukua na kumrudisha kwao. Fedheha imeingia nyumbani, tena fedheha nzito, kwani katika jamii ile kukosa mtoto kulikuwa msiba. Kinachofuata ndicho kinachotuhusu. Myombekere anakwenda ukweni. Wazee wanakaa. Maneno yanasemwa mpaka yanakwisha. Baba mkwe, Namwero, na wenziwe wanamtoza faini ya mitungi ya pombe ya ndizi. Myombekere anarudi kwake, anahangaika kuitengeneza kwa msaada wa watu, anaipeleka, inanywewa hadharani, na mke anarudi na mumewe. Kurasa nyingi zinatumika kueleza jinsi pombe ile ilivyotengenezwa, na msomaji mwenye haraka huweza kuchoka. Lakini kurasa zile ndizo moyo wa jambo. Zinaonyesha kwamba aibu ilikuwa na bei, bei hiyo ilijulikana, ililipwa kwa kazi ya mikono, na baada ya kulipwa hakuna aliyeruhusiwa kuidai mara ya pili.

Hapo ndipo tofauti kati ya vitabu viwili vya kisiwa kimoja inapojitokeza. Katika Kitereza pombe inawarudisha watu majumbani mwao. Katika Kezilahabi pombe ndiyo inayoibomoa nyumba ya Zakaria. Katika Kitereza aibu ya mke inapelekwa barazani. Katika Kezilahabi aibu ya Rosa inapita kwa minong'ono kutoka sikio hadi sikio, na hakuna mahali ambapo inawekwa chini, ikatazamwa, ikatajiwa faini. Charles anapoijua, anakaa nayo peke yake na anahukumu peke yake. Rosa hapewi hata nafasi ya kutozwa. Hili ndilo jibu ambalo makala haya yanalipendekeza: Rosa alipotea kwa sababu nyingi, lakini alikufa kwa sababu moja, nayo ni kwamba njia ya kurudi ilikuwa imefungwa.

Haifai kuipamba Ukerewe ya kale kupita kiasi. Kitereza aliandika ili kuhifadhi mila, na mwenye kuhifadhi huchagua kilicho bora. Utasa katika dunia ile ulihesabiwa kwanza kuwa wa mwanamke, na waliokaa kutoa faini walikuwa wanaume. Tena Kitereza alijua uchungu alioueleza, kwani yeye na mkewe Anna Katura hawakubahatika kubaki na mtoto, naye hakumwacha mkewe wala kumwolea mwenzake. Labda ndiyo sababu alilikumbuka zaidi baraza lililorudisha kuliko mabaraza yaliyotenganisha. Hata hivyo baraza lilikuwapo, na mtu aliyeaibika alijua mlango wa kubisha.

Mlango huo ulifungwa vipi? Historia ya ziwa katika karne ya 20 inatoa sehemu ya jibu. Misheni ilileta ndoa mpya, shule ilileta msichana anayeishi mbali na jamaa zake, na pamba ilileta fedha ambayo kijana angeweza kuitumia bila ya kuwauliza wazee. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963 ikafuta utemi Tanganyika nzima, na mamlaka ya mabaraza ya zamani yakapungua pamoja nao. Mengi ya mabadiliko hayo yalikuwa na heri yake. Bila shule, Rosa asingejua kusoma hata hiyo barua. Tatizo ni kwamba kila kilichokuja kilileta kanuni zake za usafi, lakini njia zake za msamaha hazikushuka hadi kijijini.

Jina la riwaya linalitaja jambo hilo waziwazi. Rosa Mistika, waridi lenye fumbo, ni sifa mojawapo ya Bikira Maria katika Litania ya Loreto, na Kezilahabi, aliyesoma seminari ya Nyegezi kando ya ziwa, aliijua litania hiyo tangu utotoni. Mama ni Regina, yaani malkia. Miongoni mwa wadogo wa Rosa wamo Flora, ua, na Stella, nyota. Hata mharibifu wake anaitwa Deogratias, shukrani kwa Mungu. Familia nzima imevikwa majina ya mbinguni huku ikiishi katika vumbi. Wengine wameona humo kejeli kwa Kanisa, na kejeli ipo. Lakini dini ileile iliyompa binti jina la Bikira ina kitubio pia, ina mwana mpotevu anayerudi akachinjiwa ndama. Jamii ya Namagondo iliuchukua ubikira kama sheria, ikakiacha kitubio kanisani siku ya Jumamosi. Charles anamtaka Rosa awe kama jina lake. Hakumbuki kwamba waliomwita kwa jina hilo walifundishwa pia kusamehe.

Nchi nayo ilikuwa na milango yake iliyofungwa. Kwa miongo mingi baada ya uhuru, msichana wa Tanzania aliyepata mimba shuleni alifukuzwa, na kufukuzwa huko kulikuwa kwa maisha. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba wasichana hao hawatarudi. Ilikuwa Novemba 2021 ndipo Serikali, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilipotangaza kwamba wanaweza kurejea katika mfumo rasmi wa elimu. Nusu karne kamili ilikuwa imepita tangu Rosa Mistika ichapishwe. Sheria za adhabu ambazo nchi zetu zilizirithi kwa Waingereza zilimtazama vivyo hivyo aliyetaka kufa akanusurika: zilimwita mhalifu. Huko Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba. Msomaji akiziweka tarehe hizi kando ya riwaya, ataona kwamba Kezilahabi hakuwa akisimulia udhaifu wa binti mmoja. Alikuwa akiuliza iwapo katika nchi mpya kuna mahali popote ambapo mtu aliyeanguka anaweza kuketi, akasema lililompata, akaambiwa bei, akalipa, akaendelea kuishi.

Ndiyo maana mwisho wa kitabu ni wa ajabu, na ndiyo maana umewatatiza wengi. Baada ya vifo, Kezilahabi anawafikisha Rosa na Zakaria mbele ya Mungu, na huko baba na binti wanakabiliana, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Wahakiki wameliona tukio hili kama mzaha, au kama kukata shauri kwa mwandishi kijana asiyejua pa kuimalizia hadithi. Likisomwa baada ya Kitereza, linakuwa jambo jingine. Hilo ndilo baraza la kwanza katika riwaya nzima. Kwa mara ya kwanza Rosa anasimama mbele ya baba yake akasema, na baba analazimika kusikiliza bila fimbo mkononi. Kila kilichofanyika katika ua wa Namwero kwa mitungi ya pombe, hapa kinafanyika mawinguni, wakati hakuna tena wa kurudishwa nyumbani. Mwandishi amelirejesha baraza, lakini amelirejesha likiwa limechelewa, na uchungu wa riwaya umo katika kuchelewa huko.

Kezilahabi alifundisha Dar es Salaam na baadaye Botswana, akaandika riwaya ngumu zaidi kuliko hii, na akafariki tarehe 9 Januari 2020. Mwaka 2025 Rosa Mistika ilitoka kwa Kiingereza katika tafsiri ya Jay Boss Rubin, na wasomaji wa mbali wataanza nao kuuliza swali letu la zamani. Watakaoisoma kwa Kiswahili wana faida moja: wanaweza kuiweka mezani pamoja na kitabu cha Kitereza, wakavisoma kama mazungumzo ya babu na mjukuu wa kisiwa kimoja.

Waswahili wana methali ambayo ingemfaa Rosa kuliko ile ya asiyefunzwa na mamaye: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Myombekere aliambiwa hivyo kwa lugha ya mitungi, akaamini, akarudi na mkewe. Rosa hakuambiwa na baba, wala na mwalimu, wala na mchumba. Kila mwaka kuna binti kando ya ziwa lile, na kando ya bahari yetu pia, anayengoja kuambiwa. Neno hilo ni fupi, na halihitaji baraza la mbinguni kulitamka.